Uzi: Tumezunguka na mchezo wa mtu mmoja kuhusu uzee, Jinja hadi Kasese hapa Uganda, na wazee wametufundisha kazi upya

MpigaTaa

Wadau habari zenu. Uzi huu utakuwa mrefu, nivumilieni, nimeuandika kwenye simu kidogo kidogo tangu tuko barabarani na nimefuta mara nyingi.

Kazi yangu mimi ni taa. Kwenye maigizo mimi ndo yule mtu wa nyuma hamumuoni, nafunga taa, naweka sauti, saa ingine naendesha na gari. Mwaka huu nimezunguka na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa primari, ana mchezo anaucheza peke yake kwa Kiswahili, lisaa limoja na dakika kumi. Jukwaani yuko mtu mmoja lakini anatoa watu watano: bibi wa miaka 82, binti yake anayekaa Kampala, mtoto wa kiume, mjukuu, na mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji. Habadilishi nguo. Anabadilisha shingo na mikono tu, akiwa binti mkono unakaa kiunoni, akiwa bibi mkono unatafuta ukuta. Vyombo vyote vinaingia kwenye buti ya gari dogo: kiti, sigiri ya mkaa, sufuria, simu ya katochi ile ndogo ya vibonye, na ufunguo mmoja kwenye kamba anayovaa shingoni ndani ya gomesi, lile gauni refu la kina mama.

Hadithi yenyewe fupi. Bibi anasahau maharage kwenye moto, yanaungua, moshi unatoka, majirani wanapiga simu Kampala. Wiki hiyo hiyo watoto wanafika, wanaondoka na sigiri. Mwezi unaofuata wanachukua simu ili matapeli wasimsumbue. Alafu kitambulisho wanasema watamtunzia wao, kisipotee. Mwisho wanakuja kumchukua yeye mwenyewe, na pale mlangoni binti anaomba ufunguo. Mchezo unaishia hapo, bibi ameushika ndani ya gomesi na hatujui kama anautoa.

Kilichonishika mimi ni kwamba hakuna mtoto mbaya mle ndani. Kila kitu wanakichukua kwa mapenzi, wanabeba sukari, wanabeba sabuni, na kulia wanalia.

Kuna pahali sigiri ikishaondoka bibi anarudi anakaa. Pale sigiri ilipokuwa imebaki duara ya majivu. Yule mama anaiangalia, anaweka kidole cha mguu ndani ya ile duara, taratibu, kama mtu anapima maji kama yana moto. Haongei. Nimehesabu kwa saa yangu ni dakika tatu na nusu, na kwa jukwaa dakika tatu na nusu bila neno ni kama mwaka. Mara ya kwanza nilidhani amesahau maneno nikataka kuzima taa.

Sasa nije kwa wazee wenyewe. Jinja tuliweka mchezo saa moja jioni, vile tumezoea Kampala. Vijana walijaa, wazee niliohesabu walikuwa wanne. Kesho yake mtaa wa Walukuba, hapo hapo Jinja, mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha nguo miaka mingi akaniambia, "Mwanangu, mmechukua mambo yetu mkayapeleka saa za watoto. Mimi nikitoka usiku nani ananirudisha?" Niliona aibu kweli. Tangu hapo tunaanza saa nne asubuhi. Tunatafuta viti vyenye mgongo, mabenchi hapana, na kabla sijafungua hata boksi moja la taa naenda kwanza kuangalia choo kiko wapi, kama kuna ngazi, kama kuna kitu cha kushika.

Taa nazo nilibadilisha zote. Sisi tumefundishwa mchezo mzuri unaanza na giza totoro, pah, alafu taa. Mzee hawezi hiyo. Jicho la mtu wa miaka 60 linaingiza mwanga kama theluthi moja tu ya jicho la kijana wa 20, na likitoka kwenye mwanga kuingia gizani linachukua muda mrefu kuzoea. Kwa hiyo ukizima ghafla yule aliyekuwa anatafuta kiti chake anasimama katikati haoni mguu wake. Na wenye mtoto wa jicho ukiwapiga taa kali wanaona ukungu mtupu. Sasa hivi sizimi kabisa, nashusha polepole, na upande wa watu nawaacha na mwanga kidogo muda wote. Nilidhani mchezo utapoteza uzuri. Kumbe yule mama akawa anaona nyuso zao na akaanza kucheza nao.

Tororo ndo pahali sitasahau. Tumefika kwenye ile duara ya majivu, kimya, na mama mmoja mzee sana safu ya pili akasimama, kashika fimbo, akasema kwa sauti, "Mrudishieni sigiri yake!" Ukumbi wote ukageuka. Mwigizaji wetu akiwa bado bibi, bila kutoka kwenye ile sura, akamjibu, "Waambie wewe dada, mimi hawanisikii." Na yule mama akawaambia! Akasimama pale akawaambia watoto ambao hawapo, kwamba yeye alipika na sigiri miaka sitini, alipika harusi, alipika matanga, maharage yakiungua mara moja mtu hanyang'anywi mkono. Mimi niko nyuma na swichi zangu sioni vizuri kwa sababu ya machozi.

Nchi yetu hii nusu ya watu ni chini ya miaka 18. Mzee unamkuta anaongelewa, yeye haongeleshwi. Angalia tu mpangilio: mfanyakazi wa serikali anastaafu 60. Ile pesa ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilianza 2010 kama majaribio kwenye wilaya chache, umri ulikuwa 65, Karamoja 60, na 2020 ilipopelekwa nchi nzima umri ukawekwa 80. Kutoka 60 kwenda 80 ni miaka ishirini, mtu yuko katikati hapo anategemea mtoto. Na mtoto akilipa, mtoto anaamua. Hiyo ndo naona kila ukumbi tunaofika, anayetoa hela ndo anashika funguo.

Na mimi siko nje ya hii habari. Mama yangu nilimtoa nyumbani Tororo mwaka juzi nikamleta kwangu Kireka, pembeni ya Kampala. Ana chumba kizuri, ana godoro jipya. Geti tunafunga tukienda kazini. Nimekaa nyuma ya taa zangu mchezo mzima naona mama yangu na sijawahi kumuuliza swali hata moja.

Nitaendelea na Kasese kesho, simu inazima.

Kijana_Malaba

Kaka uzi mzito. Ila mimi nina swali, haya mambo ya mzee kujitegemea si ndo ya Ulaya huko, mtu anakaa peke yake na paka mpaka anakufa majirani hawajui? Sisi mzee anakaa na watu wake. Ukimuacha peke yake kijijini watu watasema umemtupa.

ShangaziMbale

Mimi niliuona Mbale. Nilienda na dada yangu mkubwa ana 74, tulirudi kwa boda hatuongei mpaka nyumbani. Akashuka akaniambia "mimi bado nina sigiri yangu, umesikia?" Basi.

Alafu mnajua haya ya kuzunguka na maigizo siyo mapya. Marehemu baba alikuwa anatusimulia vile miaka ya 60 wanafunzi wa Makerere walikuwa wanazunguka na jumba lao la maigizo la kusafiri, bila kiingilio, walifika hadi Kenya, na kulikuwa na michezo ya Kiswahili. Anasema wao watoto walipanda juu ya mti kuangalia. Nimefurahi kuona mtu amerudia ile kazi ya kuwafuata watu walipo, siyo kungoja watu waje Kampala.

Nesi_wa_Zamu

Naomba niongee kama mtu wa wodi. Mchezo sijauona, lakini yule binti aliyechukua sigiri mimi namuelewa na sitaki watu wote wamlaumu. Mimi ndo napokea wale bibi walioungua. Napokea walioanguka usiku wakienda choo, mfupa wa nyonga umevunjika, na mzee akivunjika nyonga wengi hawarudi kutembea vile walivyokuwa. Na kuna wengine kusahau kwao ni ugonjwa, leo ni maharage kesho anatoka hajui njia ya kurudi. Huyo huwezi kumwambia shika funguo zako.

Lakini ninachokiona pia ni kwamba watu wanaruka moja kwa moja kwenye kunyang'anya kabla hawajajaribu vitu vidogo. Sigiri iweke nje kwenye kibaraza, sehemu sawa, imeinuliwa kidogo asiiname sana, na isiingie ndani ya chumba kilichofungwa hata siku moja, maana ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua. Toa kile kimkeka kinachoteleza mlangoni. Weka taa njia ya choo. Haoni? Mpeleke macho, mtoto wa jicho ni operesheni fupi, nimeona mzee ametolewa bandeji anamuuliza mtoto wake "kumbe na wewe una mvi?" Miezi sita alikuwa anaitwa msahaulifu, kumbe alikuwa haoni moto.

MtotoWaBombo

Niko Abu Dhabi, naandika hii wakati wa brek. Mama yuko Bombo. Natuma pesa kila tarehe mbili kwa kaka, kaka anampa. Sijawahi kutuma kwa simu ya mama moja kwa moja, nasema atachanganyikiwa. Mama ambaye anashona mikeka na kuuza tangu mimi sijazaliwa, anahesabu faida kwa kichwa kwa Kinubi na Kiswahili na Kiganda. Nimesoma huu uzi nimekaa chini.

Kijana_Malaba

@MpigaTaa hujanijibu bado. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, sawa, lakini hiyo ni kwa vijana. Mzee ameshamaliza kazi, apumzike.

MpigaTaa

Nimerudi. Kijana wa Malaba nakujibu kupitia Kasese, maana jibu nililipata kule.

Tulicheza karibu na Kilembe. Wazee wa kule wana Kiswahili kizuri kuliko changu, walikipata kazini, migodi ya shaba iliwakusanya kutoka kila pembe na lugha ya kazi ikawa hiyo. Baada ya mchezo mzee mmoja akabaki amekaa. Ana miaka 84, aliingia mgodini akiwa na 19. Aliniambia, "Kiswahili changu nilikiokota chini ya ardhi." Mto Nyamwamba ulipofurika 2013 watoto wake walitaka kumpeleka Kampala. Akakataa. Ukafurika tena 2020, wakaja tena, akakataa tena, ila akahamia mwenyewe juu kidogo mlimani kwa mjukuu wake, pahali alipochagua yeye. Anakaa na watu, siyo peke yake, nyumba ina watoto saba wanapiga kelele usiku na mchana. Nikamuuliza hapa na Kampala tofauti nini kama kote unakaa kwa mtu. Akasema, "Hapa nilikuja na miguu yangu."

Ndo hivyo kaka. Hakuna mzee hata mmoja aliyeniambia anataka kukaa peke yake. Wanataka watu, wanataka kelele, wanataka kuombwa chumvi na jirani. Wanachokataa ni kuamuliwa. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, kwenye harusi tunamkalisha mbele, tunampa maiki abariki, alafu kesho yake tunauza ng'ombe wake tunamwambia jioni.

Sasa subiri niwape kitu kingine cha huyu mzee. Akatoa katochi mfukoni akaniomba nimsaidie kubadilisha namba ya siri ya pesa ya simu. Watoto wanamtumia, mjukuu ndo anaenda kwa ajenti kutoa, namba ya siri anaijua mjukuu, mzee mwenyewe haijui. Nikaogopa, nikasema mzee labda kijana anakuibia? Akanikatiza. "Sijasema anaiba. Nimesema sijui ni ngapi." Na mjukuu alikuwa amekaa pale pale! Kijana mpole wa miaka kama 17, akataja ile namba ya zamani bila shida yoyote, tena akasema yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuulizwa na wajomba pesa imeenda wapi.

Mzee haoni vibonye. Nikamsomea menyu, ikafika pahali pa namba mpya, nikamgeuzia mgongo. Namsikia tu nyuma yangu. Alikuwa anatafuta kile kinundu kidogo kilichoko kwenye tano, mnakijua, kwenye simu za vibonye tano ina kinundu unakigusa kwa kidole. Akishakipata anahesabu kutoka pale, anasema kimoyomoyo lakini midomo inatoa upepo, juu moja, kushoto moja. Mara ya kwanza namba mbili hazikulingana. Akaanza upya. Nilisimama pale na mgongo wangu labda dakika sita, watu wanapakia viti, dereva wa viti ananipigia honi. Ikakubali. Akanyamaza kidogo alafu akaangalia salio, akamuita mjukuu, akampa elfu tano akamwambia nenda nyoa nywele.

Uso wa yule mzee alipotoa ile elfu tano! Miaka yote alikuwa anapewa. Siku ile alitoa.

ShangaziMbale

Nimelia. Haya basi.

MtotoWaBombo

Nimempigia mama. Nimemuuliza kama anataka nitume kwake. Amecheka kwanza, alafu akauliza kwa nini imenichukua miaka tisa. Ana laini kumbe, ana na akaunti, majirani wanamtumia pesa ya mikeka kila wiki.

Nesi_wa_Zamu

@MpigaTaa hapo kwenye namba ya siri umenigusa kwa sababu wodini ni hivyo hivyo. Mgonjwa wa miaka 70 yuko macho, anasikia, daktari anamuongelesha mtoto wake. "Amekula? Amelala?" Mimi nimeanza kuvuta kiti nakaa usawa wa macho yake namuuliza yeye. Inachukua muda zaidi na zamu ina wagonjwa wengi, siwezi kusema nafanya kila siku. Na ongeeni sauti nzito, polepole, msipige kelele. Masikio ya uzee yanapoteza kwanza zile sauti nyembamba, ukipayuka sauti inapanda juu ndo hasikii kabisa anadhani unamgombeza.

MpigaTaa

Nesi asante sana, na hiyo ya sauti mwigizaji wetu aligundua mwenyewe njiani. Mwanzoni binti wa Kampala alikuwa anamchezea kwa sauti nyembamba ya juu, vijana wanacheka. Wazee wakawa hawacheki wala hawakasiriki, wanaangaliana. Kumbe hawasikii maneno ya binti! Akamshusha sauti, na binti akawa mtu mwingine kabisa, siyo wa kuchekwa tena, akawa mtu aliyechoka, anayetoka kazini usiku, anayelipa ada za watoto watatu na dawa za mama. Mchezo ukawa mgumu zaidi kuutazama na naona ukawa wa kweli zaidi.

Na ulivyosema kuhusu wale ambao kusahau kwao ni ugonjwa, nimempelekea ujumbe wako. Amesema ni kweli mchezo hauongelei hilo na watu wanamuuliza kila pahali. Anafikiria, hajaamua.

Kijana_Malaba

Nimekuelewa sasa kaka. Mama yako Kireka je? Ulisema hujamuuliza.

MpigaTaa

Nilikuwa naogopa mtu ataniuliza.

Tulirudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikakaa naye kwenye ngazi, yeye anachambua mchele mimi nashika chai. Nikasema mama, wewe unataka kukaa wapi. Hakuniangalia. Akaendelea na mchele, akatoa jiwe, akalitupa. Akauliza, "Unaniuliza au umeshapanga?" Nikasema nauliza. Akasema atafikiria atanijibu.

Alinijibu baada ya siku nne! Siku nne nilikaa roho juu. Akasema Tororo hawezi kurudi moja kwa moja, magoti yale siyo ya kuteka maji tena na yeye anajua. Kireka anabaki, wajukuu amewazoea. Lakini anataka miezi ya kupanda na ya kuvuna awe nyumbani kwake, na binti wa shangazi anayekaa pale abaki naye, siyo kufukuzwa. Na hapa Kireka anataka ufunguo wa geti. Geti lile la kwangu, ninalofunga nikienda kazini, kwa usalama wake.

Kumbe miaka miwili anasikia misa ya saa sita kwenye kipaza sauti cha kanisa pale chini, hatua mia mbili, na hawezi kutoka.

Kufuli ya zamani ilikuwa na ufunguo mmoja. Jana tumeenda wote dukani kununua ingine yenye funguo tatu. Nilitaka kuchagua, nikajizuia, nikakaa pembeni. Akakataa ya kwanza, nzito. Ya pili ufunguo mdogo, vidole vinateleza. Ya tatu akaijaribu pale pale kaunta, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, labda mara kumi, muuza duka amesimama anangoja na wateja nyuma yetu wanasogea. Alafu akafumba macho akajaribu bila kuangalia. Ikafunguka.

"Hii," akasema. Akatoa hela kwenye fundo la kitenge chake akalipa mwenyewe.